Maktaba Yangu na Mashuka ya Dada

Jumatatu, 9 Juni

Siku kubwa! Naandika kwa wino mweusi ili wajukuu wasipate shida kusoma.

Asubuhi nilikuwa naandika programu ya mizani ya umeme pale karakana, kazini kwangu. Nikafika mahali ambapo mizani inatakiwa kungoja sekunde mbili kabla ya kuonyesha uzito. Vidole vikaanza kuandika vyenyewe. Nikashtuka. Mistari ile ile kumi na miwili! Nikafungua kazi zangu za zamani, nikahesabu. Katika miaka sita nimeandika funksheni ya kungoja, yaani kipande kidogo cha programu chenye kazi hiyo moja tu, mara kumi na tisa. Ya kukata nafasi tupu pembeni mwa maneno, mara ishirini na tatu, na mara mbili nimeikosea, kila mara kwa namna yake. Umri wangu unaliwa na mistari kumi na miwili.

Uamuzi: najenga maktaba yangu mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Kila funksheni naiandika mara moja tu, vizuri, naiweka mahali pamoja, na kila programu ije kuazima hapo. Ikiwa na kosa, narekebisha mahali pamoja, programu zote zinapona. Mahali pamoja! Nimeyaandika maneno hayo kwenye karatasi na kuyabandika juu ya meza yangu. Maktaba nimeiita Hazina.

Nimemweleza Kopi, jirani yangu wa meza. Amecheka mpaka akavua miwani. Amesema yeye akitaka mashine ingoje, anakopi mistari kumi na miwili kutoka kazi ya jana, anabandika, anaenda kula. Ndiyo maana tunamwita Kopi. Ile kengele ya karakana inayotuingiza kazini na kututoa ni programu yake, na nusu yake ni viraka. Historia itamjibu.

Mchana Dada akapiga simu. Bodi, ule ubongo wa mashine yake kubwa ya kufulia, imeungua. Na Jumamosi mama mwenye nyumba ya wageni analeta mashuka ishirini ya kumjaribu. Yakitoka safi na kwa wakati, mashuka yote ya nyumba ile yatakuwa ya Dada mwaka mzima. Yakikwama, yanaenda kwa dobi wa ng'ambo ya barabara, yule anayepiga miluzi. Ameuliza kama naweza kufunga bodi mpya na kuiandikia programu, au atafute mtu mwingine.

Mtu mwingine! Dada huyu ndiye aliyenifulia sare kwa mikono yake tangu darasa la kwanza. Nimemwambia ifikapo Jumatano mashine itakuwa inaimba.

Ni mistari themanini hivi. Kazi ya alasiri moja. Lakini itakuwa upumbavu kuiandika kabla Hazina haijakamilika.

Jumanne, 10 Juni

Funksheni kumi na nne! Nusu siku imeishia kwenye majina. Je, kila funksheni ianze na "hz" au na "hazina" kwa kirefu? Nimechagua "hz". Baada ya chakula nikaona "hazina" inapendeza zaidi, nikabadilisha zote. Saa kumi nikarudi kwenye "hz". Kazi ya kitaalamu haina haraka.

Jioni nyumbani mke wangu alichungulia akaniuliza ile funksheni ya kugeuza maneno yasomeke kinyumenyume ni ya nini. Nikamwambia ni ya yule atakayeihitaji. Akauliza nani. Nikamwambia wa baadaye. Akauliza kama mashine ya wifi yake itafua mashuka kinyumenyume. Nampenda sana mke wangu, ila macho yake yanaishia hapa karibu.

Kopi amesikia habari za Dada. Amesema mwaka jana aliandika programu ya mashine kama hiyo, anaweza kuikopi, abadilishe namba mbili tatu, amalize kabla ya chai. Nimemshukuru kama unavyomshukuru mtu aliyekuazima mswaki wake.

Jumatano, 11 Juni

Funksheni arobaini na moja!

Ninayojivunia kuliko zote ni hz_kumbuka. Umeme ukikatika, mashine inakumbuka ilipofika. Umeme ukirudi, inaendelea pale pale kama vile hakuna lililotokea. Hata uichomoe ukutani, haisahau. Nilipomaliza nilisimama, nikazunguka kiti mara moja, nikakaa.

Dada alipiga simu. Anafulia wateja wake wa kawaida kwenye beseni, mgongo umemkaa upande. Nikamwambia msingi umeshasimama. Akasema yeye hafulii kwenye msingi. Nikamwambia kesho, bila kukosa. Niliona haya. Niliona haya kweli. Nikaandika funksheni nyingine mbili ili haya ipungue, kisha nikazifuta moja kwa moja kwa sababu arobaini na moja ni namba nzuri.

Halafu wazo likanijia. Watu hawaamini maneno, wanaamini mashine. Je, kama Hazina ingekuwa tayari inafanya kazi humu karakana bila mtu kujua? Kengele ya Kopi ina ugonjwa: inalia sekunde tano, inanyamaza, halafu inatoa kwikwi moja. Miaka miwili sasa! Kwikwi hiyo imo ndani ya mistari yake kumi na miwili, na amekuwa akiikopi pamoja nayo kila mahali.

Alipoenda kula, nikafungua programu ya kengele kwenye kompyuta ya ofisi. Nikang'oa mistari yake. Nikaweka mstari mmoja: hz_ngoja, elfu tano. Yaani elfu tano za visehemu vya sekunde, elfu moja kwa kila sekunde, ambazo ni sekunde tano kamili. Nikaitia kwenye bodi. Nikajitia hamnazo, nikaendelea na mizani.

Saa kumi na moja jioni kengele ikalia sekunde tano. Kimya. Kwikwi hakuna! Watu wakatazama juu. Nilitoka nikitembea kama bwana harusi.

Alhamisi, 12 Juni

Dhuluma! Fundi Mkuu, mama asiyesifu mtu, ambaye siku niliyopata mtoto alisema tu nisichelewe kesho yake, leo amesimama katikati ya karakana akampongeza Kopi kwa kuiponya kengele. Kopi alikodoa macho, akatazama kengele, akanitazama mimi, kisha akazipokea sifa kwa mikono miwili. Akasema ni mambo madogo tu. Mambo madogo! Siwezi kudai changu bila kukiri kwamba nilifungua programu yake kwa siri. Nimetafuna kifuniko cha kalamu mpaka kikaisha.

Lakini siku haikuisha vibaya. Mchana niliandika programu ya Dada. Kila nilichohitaji kilikuwa tayari ndani ya Hazina: kufungua maji, kufunga mlango, kuzungusha pipa, kungoja, kukumbuka. Badala ya mistari themanini, mistari ishirini na miwili! Nilidhani nimesahau kitu. Sikuwa nimesahau kitu.

Saa kumi nikafika kwa Dada na laptopu na bodi mpya. Chumba chake kina harufu ya sabuni na pasi ya moto, na sakafu yake huwa na maji wakati wote. Nikafunga bodi, nikabonyeza. Maji yakaingia. Mlango ukajifunga kwa ile sauti tamu, katu! Kioo kidogo kikaandika dakika 10. Pipa likazunguka. Dakika kumi za kufua, likasuuza, likakamua, mlango ukafunguka. Nguo safi!

Dada akapiga kigelegele, akanikumbatia na mikono yenye povu, akanizungusha katikati ya mabeseni. Akasema alijua tu, mdogo wake akisema kitu amesema. Nilitaka kumkumbusha kuwa nilisema Jumatano, nikaona si lazima. Povu limeniingia masikioni. Sijawahi kufurahi hivi tangu nioe.

Kama shajara hii ingeishia hapa, ingekuwa ya mtu mwenye akili sana.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeamka na kidonda rohoni. hz_ngoja.

Ukitaka mashine ingoje sekunde moja, unaandika elfu moja. Dakika kumi, unaandika laki sita. Masifuri yote hayo ya nini? Nani katika maisha yake amewahi kumwambia mwenzake ningoje visehemu elfu moja vya sekunde? Binadamu wanahesabu sekunde. Nikafungua Hazina na kuitengeneza: kuanzia leo, moja ni sekunde moja. Nimebadilisha mahali pamoja, kama karatasi yangu inavyosema. Nilihisi mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Adhuhuri, kengele ya chakula, ya mwisho kabla ya ile ya jioni, ilipokwisha kulia na Kopi alipokwisha kutoka, nikaijenga upya programu ya kengele ili nayo ifaidi Hazina mpya, nikaitia kwenye bodi. Ni haki yake. Kisha nikaomba ruhusa ya kuondoka saa tisa. Nilitaka kutunga wimbo mfupi, tii-ti-tii, ambao mashine ya Dada itaupiga ikimaliza kufua. Mteja akisikia wimbo, anajua amefika mahali penye watu.

Simu nimeizima. Mtunzi anahitaji utulivu.

Ila utulivu wenyewe sikuupata. Kuanzia saa kumi na moja kengele fulani ilisikika kutoka upande wa karakana na viwanda vile vingine, ikalia bila kupumua. Nusu saa. Saa nzima! Mke wangu akauliza ile si kengele ya kazini kwetu. Nikamwambia haiwezekani, ya kwetu ina mtu anayeiangalia. Tulifunga madirisha. Nilimhurumia fundi aliyeiunda, maskini, na nikacheka kidogo. Ilikoma saa kumi na mbili na dakika ishirini na tatu. Wimbo umetoka vizuri sana.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ndefu kuliko zote!

Saa mbili na nusu nilikuwa kwa Dada. Mama mwenye nyumba ya wageni alishaleta mashuka, ishirini, na kusema atarudi saa kumi. Dada alikuwa amevaa gauni lake la maroni analovaa kwenye mambo makubwa. Nikamwambia nataka kuongeza wimbo tu, dakika mbili. Akasema mashine inafanya kazi, tuiache. Nikamwambia aniamini. Nikaijenga programu upya na Hazina mpya, nikaitia. Saa tatu kamili tukapakia mashuka, tukabonyeza.

Maji yakaingia. Katu! Pipa likazunguka. Kioo kikaandika dakika 10000.

Dada akaniuliza mbona sifuri zimezidi. Nikamwambia ni kioo tu, kina unyevu. Tukangoja dakika kumi. Tukangoja ishirini. Kioo kikasema 9980. Nikapiga hesabu kwenye ukingo wa gazeti: siku sita, saa ishirini na mbili na dakika arobaini. Mashuka ya wageni yatatoka Jumamosi ijayo!

Nikachomoa waya ukutani. Mashine ikanyamaza. Mlango haukufunguka, maana ndani kuna maji na umeambiwa ufunguke kufua kukiisha tu. Nikachomeka tena. Ikaendelea pale pale ilipofika. hz_kumbuka! Nikachomoa, nikachomeka. Ikakumbuka. Mara sita nimefanya hivyo, na mara zote sita ilikumbuka kwa uaminifu mkubwa. Katikati ya balaa lile kuna kipande cha moyo wangu kilijivunia.

Nikakagua mkanda. Nikakagua bomba. Nikalaumu maji. Hazina sikuigusa, ningeigusaje, imeandikwa vizuri! Ilipofika saa tano Dada alikuwa ameketi juu ya beseni lililogeuzwa, mikono mapajani. Hakunifokea. Bora angefoka. Alisema tu kwa sauti ndogo kwamba kama ningemwambia siwezi, upendo wake kwangu usingepungua. Nilitaka sakafu ile yenye maji inimeze.

Kisha akainua simu akampigia Kopi. Namba yake alikuwa nayo tangu siku niliyougua homa.

Kopi akaingia saa tano na nusu, macho mekundu. Nikadhani ni hasira. Ni usingizi. Jana kengele yake ililia kwa saa moja na dakika ishirini na tatu. Walizima umeme wa jengo zima, ikaendelea, kwa sababu ina betri yake. Fundi Mkuu mwenyewe alipanda ngazi akaifunga kwa makoti manne. Usiku kucha Kopi hakulala kwa kufikiri amefukuzwa kazi. Alfajiri akafungua programu yake, akakuta mistari yake haimo, na mahali pake kuna mtu anaitwa hz.

Alinitazama. Nikatazama beseni.

Alisogea kwenye laptopu yangu, akasoma mistari ishirini na miwili, akaniuliza laki sita ni laki sita za nini. Laki sita za visehemu, nikasema, tangu zamani. Na sasa? Sekunde. Tangu jana. Nilibadilisha mahali pamoja. Akauliza zile namba zilizoandikwa kwenye programu, nazo nilizibadilisha?

Ndipo Kopi akacheka. Alicheka mpaka akashika mashine isimwangushe. Akasema nishukuru Mungu sikuhesabu kwa dakika, maana mashuka haya yangetoka mwaka kesho yakiwa na ndevu. Dada, ambaye alikuwa karibu kulia, akaanza kucheka naye. Mimi pia, mwisho. Nimeomba msamaha kwa Dada, nikamwomba Kopi, na nilikuwa namaanisha kila neno.

Kopi akafungua kazi yake ya mwaka jana. Akakopi mistari kumi na miwili. Akabandika. Akaitia. Pipa likasimama, likasuuza, likakamua. Katu! Tii-ti-tii! Wimbo ulipiga. Na baada ya wimbo, kwikwi moja.

Kazi ikaanza. Kopi akakung'uta, mimi nikaanika, jua lilikuwa kali kama limetumwa, Dada akapiga pasi mpaka gauni la maroni likawa na mawingu ya jasho. Saa kumi mama wa nyumba ya wageni akafika. Akashika shuka la kwanza. Akalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akashika la pili. Akasema hajawahi kuona mashuka yake yakiwa meupe hivi, hata siku aliyoyanunua. Akauliza yamefuliwa kwa muda gani. Dada akanitazama. Nikasema saa mbili na nusu. Akasema ndiyo maana, wengine wanaharakisha. Kazi ni ya Dada, mwaka mzima! Mashuka ya kwanza yanaletwa Jumanne.

Dada alirukaruka kama msichana. Kopi naye aliruka. Niliruka nikateleza, nikakalia beseni lenye maji, na sikujali hata kidogo.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeitwa kwa Fundi Mkuu. Nilijua unga umemwagika. Nikaeleza yote, Kopi akiwa pembeni. Mama alisikiliza bila kupepesa jicho, makoti manne yakiwa bado mezani pake. Kisha akasema kengele bila kwikwi ni jambo jema, na kengele ya saa nzima ni jambo baya, na yote mawili nimeyafanya mimi. Hukumu: Hazina itatumika karakana nzima, lakini niiandikie maelezo, funksheni moja moja, zote arobaini na moja, na nisibadilishe herufi bila Kopi kuikagua kwanza.

Karakana nzima! Nimetoka nimevimba kichwa. Mke wangu amesema hiyo ni adhabu. Nimemwambia ni cheo.

Nimekaa kutwa nikitafakari makosa yangu, kama mtu mzima anavyotakiwa. Nimeyaona wazi. Kosa ni kwamba ndani ya mashine ya ndugu yangu wa damu, wakati huu ninapoandika, imo mistari kumi na miwili ya Kopi. Na ina kwikwi! Mteja wa mwaka mzima, wimbo mzuri kiasi kile, halafu kwikwi! Siwezi kulivumilia. Kesho saa moja asubuhi, kabla mashuka hayajafika, nitapita kwa Dada na laptopu, niing'oe na kuirudisha Hazina mahali pake. Nimempigia. Ameuliza kama nina hakika. Nimemwambia aniamini. Amesema sawa, mdogo wangu. Moyo wa dada!

Kukaguliwa na Kopi ni kwa mambo ya karakana. Mashine ya Dada ni mambo ya familia.

Jambo moja zaidi. Tangu Jumamosi nimekuwa nikifikiria yale maneno ya Kopi kuhusu dakika. Aliyasema kwa mzaha, lakini hata mtu kama Kopi huweza kuangukia wazo zuri bila kujua. Mashine ya kufulia inaonyesha dakika. Mteja anauliza dakika. Nani anafua kwa sekunde? Kwa hiyo nimeifungua hz_ngoja sasa hivi, na kuanzia leo moja ni dakika moja. Imekaa vizuri mno.

Nimebadilisha mahali pamoja tu.